Ukiacha Pombe, Usiuogope Usiku

Mtu anapotangaza kwamba ameacha pombe, pongezi hazikosekani. Wa nyumbani kwake humshukuru Mungu, wazee wa ukoo humpa mkono, na wenzake kazini, hata wale watakaomcheka baadaye kidogo, humwambia kuwa amefanya jambo la maana. Lakini pongezi hizo zote hutolewa mchana. Ifikapo saa 8 za usiku, wakati nyumba nzima imelala na mtaani husikii ila mbwa, mtu huyo yu peke yake kitandani, macho makavu, shuka limelowa jasho, moyo wamdunda, na wazo moja tu lamzunguka kichwani: "Laiti ningepata glasi moja, ningelala."

Ndugu msomaji, saa hiyo ndiyo inayowarudisha wengi kwenye ulevi, pengine kuliko saa ya kupita mbele ya baa. Waliochunguza maradhi ya ulevi wamekwisha kuonyesha kwamba kukosa usingizi ni miongoni mwa matatizo yanayowapata zaidi watu walioacha pombe karibuni, na kwamba wale wanaosumbuliwa sana na tatizo hilo ndio walio katika hatari kubwa ya kurudia. Hata hivyo, katika maonyo yetu mengi juu ya pombe, tumezoea kuzungumzia ini, fedha na ugomvi wa nyumbani, tukausahau usiku. Leo na tuuzungumze huo usiku, maana anayeujua adui yake hapigwi kwa kushtukizwa.

USINGIZI WA MKOPO

Ipo imani iliyoenea mijini na vijijini kwamba pombe huleta usingizi. Imani hiyo si uongo mtupu, na ndiyo maana ni ya hatari. Ni kweli kwamba pombe humfanya mtu asinzie upesi. Mfanyakazi aliyesimama kwenye mashine tangu asubuhi, akapigania daladala jioni, akafika nyumbani na kelele za barabarani bado zikimvuma masikioni, huona kwamba chupa mbili tatu humlaza kama mtoto mchanga. Kabla vifuko vidogo vya pombe kali, yaani viroba, havijapigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Machi 2017, walikuwapo watu waliokuwa hawaendi kulala bila ya kimoja mfukoni. Wengine hutumia mnazi, wengine mbege, wengine gongo. Vyombo vinatofautiana, nia ni ile ile.

Lakini tazama yanayotokea baada ya macho kufumba. Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye kilevi cha asilimia 5, ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Ini la mtu mzima huweza kuondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa, wala kazi hiyo haiharakishwi kwa maji ya baridi, kwa supu, wala kwa kahawa. Basi mtu aliyeanza kunywa saa 1 jioni, akamaliza chupa tatu, atakuwa na pombe mwilini mpaka kati ya saa 7 na saa 9 unusu za usiku. Hapo ndipo kilevi kinapokwisha, na hapo ndipo usingizi unapokatika. Yule mtu anayesema, "Mimi hulala vizuri ila tu huamka usiku wa manane bila sababu," sababu anayo, nayo ameilipia mwenyewe kaunta.

Si hilo tu. Pombe huizuia homoni inayoziambia figo zihifadhi maji, ndiyo maana mnywaji huenda haja ndogo mara kwa mara kisha akaamka na kiu. Aidha, hulegeza misuli ya koo, mtu akakoroma, na wengine pumzi ikakatika kwa nukta kadhaa kisha ikarudi kwa mshtuko. Mke au mume aliyelala kando huyasikia yote hayo. Mwenyewe hana habari.

Kubwa zaidi ni kwamba usingizi wenyewe hugeuka. Mnamo mwaka 1953, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walitangaza kwamba usingizi si kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna vipindi ambapo macho ya mtu aliyelala hukimbia huku na huko chini ya kope, na ndivyo vipindi vya ndoto nyingi. Leo inajulikana kwamba vipindi hivyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, vikipokezana na usingizi mzito, na kwamba mwili na akili huvihitaji vyote viwili. Pombe hukibana kipindi cha ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku, kisha huivuruga nusu ya pili. Mtu hulala saa nane akaamka amechoka kama aliyelala saa nne.

Huo ndio usingizi wa mkopo. Unakopa saa mbili za mwanzo wa usiku, unalipa saa nne za mwisho. Na mkopo ukikopwa kila siku kwa miaka, deni hukua mpaka siku ile mkopaji anaposema, "Basi, sinywi tena." Siku hiyo mwenye deni hubisha hodi.

KWA NINI USINGIZI HUTOWEKA

Ubongo wa binadamu hufanya kazi kwa mizani. Zipo kemikali zinazoupoza, na zipo zinazouamsha. Pombe huzipa nguvu zile za kupoza na kuzidhoofisha zile za kuamsha. Ikinywewa siku moja moja, mizani hurudi kesho yake. Lakini ikinywewa kila jioni kwa miezi na miaka, ubongo hujihami: hupunguza upozaji wake wenyewe na kuongeza uamshaji, ili mtu aweze kusimama na kufanya kazi hata akiwa na pombe mwilini.

Bila shaka umewahi kuona mchezo wa kuvuta kamba katika sherehe za Mei Mosi. Timu mbili zimekaza, miguu imezama mchangani, kamba haiendi huku wala kule. Mtazamaji wa mbali aweza kudhani kwamba wamesimama tu. Sasa, timu moja ikiachia kamba ghafla, ile nyingine hufanya nini? Huanguka chali wote kwa pamoja. Pombe ilikuwa upande mmoja wa kamba, na ubongo ulikuwa upande wa pili ukivuta kwa nguvu zote. Siku pombe inapoachia, ubongo ungali unavuta. Kutetemeka kwa mikono, jasho, moyo kwenda mbio, wasiwasi usio na sababu na macho yasiyofumba, yote hayo ni ile timu iliyoanguka chali.

Ukilielewa jambo hili, utaelewa pia kosa linalofanywa na wengi. Mtu husema, "Mwili wangu umekwisha kuzoea, hauwezi kulala bila pombe," akaona kwamba kule kukosa usingizi ni ushahidi kuwa anaihitaji. La hasha! Ni ushahidi kwamba pombe ilikuwa imemvuta kwa muda mrefu, na kwamba sasa mwili unajirekebisha. Akinywa ili alale, huifanya timu ile isimame na kukaza kamba upya, na kazi yote ya usiku uliopita ikawa bure.

Habari njema ni kwamba mwanguko huo hauendelei milele. Kwa walio wengi, kutetemeka na jasho hufikia kilele ndani ya siku tatu za mwanzo na kupungua kabla ya wiki kwisha. Usingizi hurudi polepole zaidi: huchukua majuma kadhaa, na kwa yule aliyekunywa sana kwa miaka mingi, miezi. Haurudi kwa mstari ulionyooka. Utalala vizuri Jumatatu, ukakesha Jumanne, ukapata saa tano Jumatano. Usikate tamaa kwa Jumanne.

Jambo jingine usilopaswa kuliogopa ni ndoto. Kile kipindi cha ndoto kilichobanwa kwa miaka hurudi kwa kishindo. Wengi walioacha pombe huota ndoto nzito na za kutisha, na wengine huota kwamba wamekunywa, wakaamka na aibu kana kwamba wamekunywa kweli. Hiyo ni ndoto tu. Wala haimaanishi kwamba moyoni unataka kurudi. Nawa uso, unywe maji, umshukuru Mungu kwamba umeamka ukiwa mzima.

ONYO KWA WANAOKUNYWA SANA

Kabla hatujaendelea na mengine, kuna onyo ambalo lazima litolewe bila ya kuzungushwa. Yapo maisha ya watu ndani yake.

Sisi sote tunazijua nyakati ambazo watu huacha pombe kwa ghafla. Kuna mwezi wa Ramadhani, kuna Kwaresima, kuna mwaka mpya. Wako wanaovunja jungu mwishoni mwa Shaabani kwa kunywa mpaka usiku wa mwisho, kisha kesho yake wakaacha kabisa. Nia ni njema, na kwa mtu anayekunywa kidogo hakuna hatari. Lakini kwa yule anayekunywa nyingi kila siku, na hasa yule ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka anywe, kuacha ghafla peke yake nyumbani kunaweza kumuua.

Dalili za mwanzo hujitokeza kati ya saa 6 na saa 24 baada ya glasi ya mwisho. Baadhi ya watu hupata kifafa, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, hata kama hawajapata kuanguka kifafa maishani mwao. Wengine, kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa: hawajui walipo, huona wadudu au watu wasiokuwapo, homa hupanda, jasho huwatiririka, na moyo huenda mbio kupita kiasi. Majirani husema amerogwa, au amepandwa na mashetani, na kabla hawajakubaliana waende kwa nani, mgonjwa amekwisha. Huo ni ugonjwa wa hospitali, na ni wa kukimbiliwa usiku ule ule.

Kwa hiyo, mnywaji wa namna hiyo aende kwanza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, amweleze mganga ukweli mtupu: anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na kama amewahi kuanguka au kuchanganyikiwa alipojaribu kuacha. Asipunguze hesabu kwa kuona haya. Mganga aweza kumpa dawa ya kutuliza kwa siku chache, ikipunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi huikosa na ambayo ukosefu wake huweza kuharibu ubongo. Wenye hali ngumu zaidi hupelekwa kwenye idara za magonjwa ya akili za hospitali kubwa kama Muhimbili, au Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma. Tusiwacheke wanaokwenda huko. Anayekwenda hospitali kabla ya kuanguka ana akili kuliko anayebebwa baada ya kuanguka.

NJIA ZA MKATO NI ZA KUPOTEZA

Mtu asiyelala kwa siku tano huwa tayari kununua chochote atakachoambiwa. Hapa ndipo washauri wa mtaani wanapojitokeza, kila mmoja na dawa yake.

Wa kwanza atasema: "Kunywa moja tu ya kukulaza." Huyo tumekwisha kumjibu.

Wa pili atakuelekeza duka la dawa ununue vidonge vya usingizi. Vidonge vya jamii ya diazepamu hufanya kazi mahali pale pale pa ubongo panapofanyiwa kazi na pombe. Mikononi mwa mganga, kwa siku chache na kwa kipimo, ni msaada mkubwa. Mikononi mwako mwenyewe, kila usiku, ni kubadilisha bwana mmoja kwa bwana mwingine, kwani mwili huvizoea na kuvidai vile vile. Na ole wake anayevichanganya na pombe: viwili hivyo kwa pamoja huweza kuzima pumzi. Wapo pia wanaomeza vidonge vya mafua au vya mzio kwa sababu huleta usingizi. Hivyo navyo humwacha mtu mzito asubuhi, na mwili huvizoea upesi.

Wa tatu atasema uvute bangi. Mbali ya kuwa ni kosa mbele ya sheria, nayo ukiitegemea kulala, siku ya kuiacha utakesha na kuota ndoto zile zile.

Mtego wa nne ni wa upole, na hunasa watu wema. Mtu anayeacha baa hutafuta mahali pengine pa kukaa jioni, na mahali panapomfaa ni kijiwe cha kahawa. Pana mazungumzo, pana bao, hapana ulevi. Ni vyema. Lakini kahawa ina kafeini, na huchukua kama saa tano kwa nusu yake kutoka mwilini. Vikombe vitatu ulivyokunywa saa 2 usiku, nusu yake bado inakuamsha saa 7 usiku. Chai kali, soda za kola na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwenye makopo vina kafeini vile vile. Sigara nayo huamsha, ingawa mvutaji hudhani inamtuliza. Nenda kijiweni, ndugu yangu, ukacheze bao lako, lakini kahawa iwe ya asubuhi. Jioni omba maji ya tangawizi, au kashata bila kikombe.

MAMBO YA KUFANYA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza njia ya kumfundisha mtu upya kulala bila dawa, na njia hiyo pamoja na nyingine zilizofuata ndizo zinazopendekezwa leo na madaktari kuwa tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu. Msingi wake ni rahisi: kitanda kikizoeleka kuwa mahali pa kukesha na kuhangaika, mwili hujifunza kukesha kila unapokiona. Lazima kirudi kuwa mahali pa kulala.

Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala saa mbili tu, hata Jumapili. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote, na ndilo lenye faida kuliko yote. Saa ya kulala huwezi kuiamrisha. Saa ya kuamka unaweza. Ukiamka saa 11 na nusu alfajiri, toka nje, uuone mwanga wa jua linapochomoza, maana ndio unaoirekebisha saa ya mwili.

Usilale mchana kulipia usiku. Ukizidiwa, lala nusu saa tu, na iwe kabla ya saa 9 alasiri.

Usipande kitandani mpaka usingizi ukujie. Ukiwa umelala macho kwa muda unaokadiria kuwa dakika 20, inuka. Wataalamu huandika kwamba mtu aende chumba kingine. Wengi wetu tumepanga chumba kimoja, na chumba kingine ni cha jirani. Basi weka kigoda karibu na mlango, au keti ukumbini, au uani kama pana usalama. Fanya jambo la polepole lisilohitaji mwanga mkali: kunja nguo za watoto, shona kifungo, soma maneno ya dini yako. Usishike simu. Usitazame saa, kwani kila ukiitazama utapiga hesabu ya saa zilizobaki, na hesabu ile ndiyo inayokimbiza usingizi. Ukisinzia, rudi kitandani. Ukishindwa tena, inuka tena.

Oga jioni. Katika joto la pwani, mwili uliopoa hulala upesi zaidi. Kula mapema, na usijaze tumbo ugali mkubwa saa 4 usiku. Hakikisha chandarua hakina tundu, maana mbu mmoja anatosha kumrudisha mtu baa. Tembea au fanya mazoezi mchana, lakini si dakika za mwisho kabla ya kulala.

Na uwe na daftari la shule, lile la kurasa chache. Kila asubuhi, wala si usiku, andika mambo matatu: ulilala kama saa ngapi, uliamka mara ngapi, na kwamba hukunywa. Siku ya kumi utadhani hakuna kilichobadilika. Siku ya thelathini, rudi ukurasa wa kwanza ujisomee. Mtu aliye katikati ya mto haoni kama maji yanapungua. Anayeweka alama kwenye mti wa ukingoni ndiye anayejua.

Ikiwa majuma mengi yamepita na bado hulali, rudi kwa mganga. Huenda kuna jambo lililokuwapo kabla ya pombe, ambalo pombe ililifunika tu: sonona, msiba usiolizwa, maumivu, au kukatika pumzi usingizini. Na wakati wowote ukianza kufikiri kwamba ni heri ufe, usingoje kupambazuke. Mwamshe mtu, mwambie.

NYUMBA NZIMA INAHUSIKA

Sehemu hii inamhusu yule anayelala kando ya mtu anayeacha pombe. Najua umechoka kuliko yeye. Umemfungulia mlango usiku kwa miaka, umefua matapishi, umeficha fedha za ada ndani ya kopo la mchele. Sasa ameacha, ukatumaini kwamba hatimaye utalala, na kumbe yeye ndiye anayegeuka-geuka mpaka alfajiri, tena mkali kama pilipili. Ni rahisi kusema, "Afadhali ulipokuwa unakunywa, angalau ulikuwa unalala." Maneno hayo ukiyasema saa 8 usiku yanaweza kubomoa ukuta uliojengwa kwa majuma matatu. Uyameze. Jua kwamba ukali ule ni wa usingizi alioukosa na wa ubongo unaojirekebisha, na kwamba una mwisho.

Usimnunulie bia ya kumtuliza, hata kwa huruma. Kama kuna pombe ndani ya nyumba, iondoke. Kama riziki ya nyumba ni kuuza pombe, na nyumba za namna hiyo zipo nyingi, basi angalau isihifadhiwe katika chumba anacholala. Mkubaliane mchana, mkiwa mmetulia, atafanya nini usiku atakapozidiwa: je, akuamshe? Akikuamsha, hahitaji mahubiri. Keti naye robo saa, mnywe maji, mzungumze habari za watoto. Tamaa ya kunywa huja kama wimbi: hupanda, hufika kilele, hushuka. Mara nyingi mtu anahitaji tu mwenzake wa kungoja naye lishuke.

Watoto nao waambiwe kwa lugha wanayoielewa kwamba baba au mama anaumwa na anapona. Na tunasema "au mama" kwa makusudi. Wapo wanawake wanaokunywa, na wengi wao hunywa kwa kujificha kwa sababu aibu ya mwanamke mlevi katika jamii yetu ni mara mbili ya mwanamume. Mwanamke huyo huacha peke yake na hukesha peke yake. Kama ni dada yako au jirani yako, huruma unayompa mwanamume mpe na yeye.

KAZINI

Mfanyakazi ambaye hakulala ni hatari kwa nafsi yake na kwa wenzake. Ikiwa kazi yako ni kuendesha gari, kusimamia mashine ya kukata, au kupanda juu ya majengo, basi katika juma la kwanza omba ruhusa au omba kazi nyingine ya muda. Mwone mwuguzi wa kiwanda au msimamizi unayemwamini. Si lazima utangaze kiwanda kizima.

Na ninyi wafanyakazi wenzake, mwisho wa mwezi unapofika na mishahara ikatoka, msimlazimishe aje "kukaa tu na soda" mahali ambapo kila mmoja hununua kwa zamu. Mtu aliyekesha siku kumi hana nguvu za kukataa ofa ya tano. Mkimpenda, mnywesheni chai mchana, mkampe nafasi aende nyumbani kabla ya giza. Yule anayemcheka mwenzake kwa kuacha pombe ajiulize kinachomuuma ni nini.

DAWA YA DENI NI KULIPA

Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, watu wawili, Bill Wilson aliyekuwa mfanyabiashara na Bob Smith aliyekuwa daktari, wote walevi waliokwisha kushindwa mara nyingi, waligundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake wote wawili huweza kukaa bila kunywa. Kutokana na mazungumzo yao kikazaliwa chama cha walevi wanaosaidiana, ambacho leo kimeenea duniani. Fundisho lao moja linamfaa kila mtu, awe na chama au asiwe nacho: usiape kwamba hutakunywa maisha yako yote, maana maisha yote ni mzigo usiobebeka. Acha leo tu.

Nasi, kwa mtu aliye kitandani saa 8 usiku, tunapunguza mzigo huo zaidi: acha usiku huu tu. Usiku huu huhitaji kulala. Unahitaji tu kufika alfajiri bila ya kunywa. Hakuna aliyekufa kwa sababu alikesha usiku mmoja akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, lakini wako wengi waliozikwa kwa sababu walinyanyuka usiku kama huo wakaenda kugonga dirisha la muuza gongo.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Saa unazokesha sasa ni zile ulizokopa zamani, na kila usiku unaoupita bila glasi ni malipo yasiyodaiwa tena. Deni lina mwisho wake. Siku moja, pengine katika juma la tano, pengine katika mwezi wa tatu, utashtuka kumekucha, jua limeingia dirishani, watoto wanagombea sabuni uani, na wewe hukumbuki uliamka saa ngapi usiku, kwa kuwa hukuamka. Siku hiyo usiifanyie sherehe kubwa. Inuka, oga, uende kazini.